Nyumba tatu, miji mitatu: kodi ya majengo Lewiston, Sabattus na Poland

Swali: Tunaishi Lewiston, jimbo la Maine, kwenye nyumba ya kupanga, mimi, mume wangu na watoto wanne. Benki imetukubalia mkopo wa nyumba ya hadi dola 300,000. Tumeona nyumba tatu zenye bei zinazokaribiana: moja hapa Lewiston, moja Sabattus, moja Poland. Kila mji una kiwango chake cha kodi. Shemeji anasema tuchague mji wenye kiwango kidogo, mengine yote ni kujisumbua. Ni kweli?

Jibu: Dada yangu, shemeji ameshika namba moja, na hesabu hii ina namba mbili. Kwanza tuelewane kwenye neno, maana kwa mpangaji "kodi ya nyumba" ni pesa anayompa mwenye nyumba kila mwezi. Hapa nazungumzia kodi ya majengo, ile inayolipwa mji kwa ajili ya ardhi na nyumba iliyo juu yake. Hupatikana kwa kuzidisha kiwango cha mji mara thamani ambayo mji huo umeipa nyumba. Mji wenye kiwango kidogo huenda umeithamini nyumba kwa bei kamili ya leo, na jirani yake mwenye kiwango kikubwa akawa bado anatumia bei za miaka kumi nyuma. Bili zao zikawa sawasawa.

Ili uelewe kwa nini, anzia kiwango kinapotoka. Tanzania, tangu Julai 2021, kodi hii hukatwa kwenye umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, kwa kiasi kilichotajwa na sheria: nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Nyumba ya kawaida ya Mbagala, mtaa wa watu wa kipato cha chini Dar es Salaam, na ya Masaki, mtaa wa matajiri, hukatwa sawa. Maine hesabu inaanzia upande wa pili. Mji hupitisha kwanza bajeti yake ya mwaka: shule, barabara, polisi na zimamoto, kuondoa theluji, na mchango wa kaunti. Kisha hupunguza humo mapato yake mengine, kama fedha za jimbo na ushuru wa magari. Kinachobaki ndicho lazima kitoke kwenye kodi ya majengo, nacho hugawanywa kwa jumla ya thamani ya mali zote zinazotozwa kodi mjini.

Tuseme kinachobaki ni dola milioni 9, na mali zote za mji zimethaminiwa dola milioni 500. Gawanya, unapata dola 18 kwa kila dola 1,000 ya thamani. Hicho ndicho kiwango. Kwenye karatasi zao utakiona kimeandikwa mil rate. Mji unaruhusiwa kuongeza akiba kidogo isiyozidi asilimia 5 ya kiasi hicho.

Sasa mji huohuo ufanye uthamini mpya na mali zile zile zihesabike kuwa milioni 750. Bajeti haijabadilika. Milioni 9 kwa milioni 750 ni dola 12. Kiwango kimeshuka kwa theluthi nzima, na kwa wastani hakuna aliyepunguziwa hata senti. Hili lilionekana Portland. Hadi kabla ya uthamini mpya wa mwaka 2021 kiwango chake kilikuwa zaidi ya dola 23 kwa elfu; baada yake kikawa karibu dola 13. Bili hazikushuka kwa kiasi hicho. Waliokuwa na nyumba zilizopanda bei kupita wengine mjini waliongezewa, ambao zao zilipanda kidogo wakapunguziwa. Mtu aliyelinganisha Portland na majirani zake kwa kiwango peke yake angeamini mji umekuwa nafuu ghafla.

Kwa hiyo namba ya pili unayoihitaji ni hii: mji unathamini nyumba kwa asilimia ngapi ya bei ya soko? Kila mwaka mthamini wa mji hutangaza asilimia hiyo, na jina lake ofisini ni certified ratio. Liseme hivyohivyo ukiwapigia simu, watakuelewa mara moja. Sheria ya Maine inataka isishuke chini ya 70. Ikiwa 100, mji unatumia bei za sasa. Ikiwa 75, nyumba inayouzwa 300,000 kwa kawaida imeandikwa kwenye vitabu vyao kama 225,000.

Chukua miji miwili ya mfano. Namba hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Za miji yako mitatu utazichukua ofisini kwao.

Mji wa kwanza: kiwango dola 22, ratio asilimia 70. Nyumba ya dola 300,000 imeandikwa 210,000. Mara 22 kwa elfu, bili ni dola 4,620.

Mji wa pili: kiwango dola 15.50, ratio asilimia 100. Nyumba imeandikwa 300,000. Bili ni dola 4,650.

Shemeji angekimbilia mji wa pili kwa furaha na kulipa dola 30 zaidi. Njia fupi ni kuzidisha kiwango mara ratio: 22 mara 0.70 ni 15.40. Hapo una kiwango halisi, kinachohusiana na bei unayolipa wewe, na sasa miji inaweza kusimama pamoja ikapimwa. Idara ya mapato ya jimbo, Maine Revenue Services, pia huchapisha orodha ya viwango vya miji yote vikiwa vimerekebishwa kwa thamani kamili. Ni orodha nzuri ya kuona nani yuko juu na nani yuko chini, ila takwimu zake huwa nyuma kwa karibu miaka miwili, kwa hiyo usiitumie kupanga malipo ya mwezi.

Ratio ni wastani wa mji mzima. Nyumba yako wewe inaweza kuwa imekaa mbali na wastani huo, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Omba kadi ya uthamini ya kila nyumba. Miji mingi imeziweka kwenye intaneti, mingine watakutumia ukitaja anwani au namba ya ramani na kiwanja. Kadi inaonyesha ukubwa wa nyumba, idadi ya vyumba na mabafu, hali ya jengo, gereji, na kama chumba cha chini kimemaliziwa au ni saruji tupu. Tembea ndani ya nyumba ukiwa na kadi mkononi. Ukikuta chini kuna vyumba viwili vimepigwa mbao na zulia, na kadi inasema saruji tupu, ujue thamani ya sasa iko chini kuliko inavyostahili. Utafaidika kwa muda, lakini uthamini mpya ukija utaiona tofauti hiyo kwenye bili. Kinyume chake pia hutokea: kadi inahesabu bafu au gereji ambayo haipo, na mwenye nyumba amekuwa akiilipia miaka yote bila kujua.

Baada ya hapo uliza uthamini mpya wa mwisho ulifanyika mwaka gani, na mwingine umepangwa lini. Mji wenye ratio ya 70 au 72 umekaribia ukingo wa sheria, kwa hiyo mabadiliko yako njiani. Yakija, aliyeandikiwa thamani ndogo kuliko jirani zake ndiye atakayeumia. Mimi ningepima swali hili sawa na lile la hali ya paa.

Tukija kwa nini miji inayopakana hutofautiana, jibu kubwa ni shule, kwa sababu shule hula sehemu kubwa ya bajeti, na kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni nani anapanga bajeti ya shule. Lewiston ina shule zake yenyewe. Sabattus imeungana na Litchfield na Wales katika wilaya ya shule ya RSU 4. Poland iko na Minot na Mechanic Falls katika RSU 16. Maana yake, Sabattus inaweza kubana matumizi yake ya barabara na ofisi kadiri itakavyo, na bado kodi ikapanda kwa sababu bajeti ya shule imepigiwa kura na miji yote mitatu, kisha kila mji ukapewa fungu lake kwa mujibu wa makubaliano yao ya kugawana gharama. Uliza deni la majengo ya shule limebaki kiasi gani na linaisha mwaka gani. Deni linaloisha karibuni ni nafuu inayokuja, na shule mpya iliyopitishwa juzi ni mzigo ambao bado haujafika kwenye bili.

La pili ni fedha za jimbo. Jimbo hukadiria gharama ya elimu ya kila wilaya, kisha huutaka mji uchangie kulingana na utajiri wa mali zake. Jimbo hujazia pengo. Mji ambao bei za nyumba zimepanda sana huonekana tajiri, na fungu lake la jimbo hupungua, hata kama wakazi wake mishahara ni ileile. Kwa kuwa hesabu ya jimbo hutumia thamani za nyuma, mshtuko huja baadaye, si mwaka uleule bei zinapopanda.

Halafu kuna suala la nani mwingine anayelipa. Poland ina maziwa, na kando yake kuna nyumba nyingi za mapumziko za watu wa mbali: wanalipa kodi mwaka mzima na watoto wao hawasomi pale. Ina pia kiwanda cha maji ya chupa cha Poland Spring. Lewiston ni mji mkubwa zaidi wa kaunti, una huduma nyingi zaidi za kugharamia, na una mali nyingi zisizotozwa kodi: Chuo cha Bates, nyumba za ibada, shule, majengo ya serikali. Uzito wa hizo unabebwa na nyumba na maduka yaliyobaki. Ukijua hili, kiwango cha juu cha mji kama Lewiston hakikushangazi, na wala si ushahidi kwamba pesa zinapotea.

Sasa mwaka wa kwanza, ambao ndio unaowaumiza watu wengi waliodhani wamekwisha kupiga hesabu zote.

Mji hutoza kodi kwa hali ya nyumba ilivyo tarehe 1 Aprili. Kama moja ya nyumba zenu ni mpya, muulize wakala: tarehe 1 Aprili iliyopita ilikuwa imefikia wapi? Tuseme ilikuwa kiwanja na msingi tu, mji ukaandika 90,000. Kwa kiwango cha 15.50, bili ni dola 1,395, na hiyo ndiyo namba utakayoiona kwenye tangazo la mauzo. Benki nayo huigawa kwa 12 na kuikusanya kila mwezi kwenye akaunti ya eskro, yaani akaunti ambamo benki huweka pesa zenu za kodi hadi bili ifike. Aprili inayofuata nyumba imekamilika, imeandikwa 300,000, bili ni 4,650. Pengo ni dola 3,255. Benki italilipa pengo kwa niaba yenu, kisha itawadai kwa miezi 12, dola 271 na senti kila mwezi, na wakati huohuo itaongeza dola 271 nyingine kwa ajili ya bili ijayo. Malipo ya mwezi yamepanda kwa dola 542 kwa mkupuo, kwa familia iliyokuwa imebana bajeti yake hadi mwisho. Kama nyumba ni mpya, mwombeni mkopeshaji ahesabu eskro kwa thamani ya nyumba iliyokamilika tangu siku ya kwanza. Akikataa, wekeni wenyewe tofauti hiyo kila mwezi kwenye akaunti nyingine msiyoigusa.

Kwa nyumba ya zamani, kodi iliyoandikwa kwenye tangazo ni ya muuzaji, pamoja na misamaha yake. Huenda ni askari mstaafu, huenda ana msamaha wa makazi. Misamaha hiyo haihami na nyumba. Usiichukue bili yake. Chukua thamani kamili kwenye kadi, kisha piga hesabu upya. Tena, ukinunua baada ya 1 Aprili, bili ya mwaka huo hutoka kwa jina la muuzaji na huenda ikatumwa alikohamia. Riba haingoji bahasha ikufikie. Piga simu ofisi ya mji wiki uliyosaini, uliza kiasi na tarehe za kulipa, na hakikisha benki yako imepata bili.

Msamaha wa makazi unaitwa Homestead. Hupunguza dola 25,000 kutoka kwenye thamani ya nyumba unayoishi, ukirekebishwa kwa ratio ya mji. Kwenye mfano wetu, mji wa kwanza unapunguza 17,500, sawa na dola 385 za bili. Mji wa pili unapunguza 25,000 nzima, sawa na dola 387.50. Unaona jinsi vinavyolingana. Masharti ni kwamba nyumba iwe makazi yako ya kudumu, na uwe umemiliki makazi ndani ya Maine kwa miezi 12 kufikia 1 Aprili. Mkinunua Juni 2026, tarehe 1 Aprili 2027 mna miezi kumi tu, kwa hiyo hampati. Mnaanza Aprili 2028. Fomu hupelekwa kwa mthamini kabla au siku ya 1 Aprili, mara moja tu, wala hamhitaji kuirudia kila mwaka mkiendelea kuishi hapohapo. Inauliza gari lenu limesajiliwa wapi na leseni ya udereva inaonyesha anwani gani, kwa hiyo badilisheni anwani mapema.

Kuhusu magari, wengi huogopa ushuru wake ukihamia mji mwingine. Viwango vyake ni vya jimbo zima: dola 24 kwa kila elfu ya bei ya orodha ya kiwanda katika mwaka wa kwanza, hushuka kila mwaka hadi dola 4 kuanzia mwaka wa sita. Gari la bei ya orodha ya dola 28,000 hulipiwa dola 672 likiwa jipya na 112 likiwa na miaka sita, iwe Lewiston, Sabattus au Poland. Litoeni kwenye ulinganisho.

Yanayostahili kuingia kwenye ulinganisho ni yale unayolipa nje ya bili ya kodi, na mji wa nje una mengi ya namna hiyo. Kuna maji ya bomba na bomba la maji taka, au ni kisima na tangi la maji taka? Tangi hunyonywa kila miaka mitatu hadi mitano kwa dola mia kadhaa, na likifa, kulibadilisha ni maelfu mengi. Takataka zinafuatwa nyumbani, au unazipeleka mwenyewe, au unamlipa mtu? Barabara ni ya mji, au ni ya majirani wanaochangia kusukuma theluji na kumwaga kokoto? Upande wa mjini pia kuna vyake: Lewiston hutoza ada ya maji ya mvua, ambayo haimo kwenye bili ya kodi.

Na kuna petroli. Tuseme mji wa tatu una kiwango halisi cha dola 13. Bili ni 3,900, ukitoa Homestead inabaki 3,575, dola 660 chini ya mji wa kwanza. Lakini kama uko maili 12 mbali zaidi na kazi, ni maili 24 kwa siku. Siku 250 za kazi ni maili 6,000. Gari linalokwenda maili 25 kwa galoni litakula galoni 240. Kwa dola 3 galoni, ni dola 720. Punguzo lote limeishia barabarani, na hapo sijahesabu matairi, wala gari la pili ambalo mji usio na basi utawalazimisha kununua. Kwa familia ambayo baba na mama wana zamu tofauti, gari la pili linaweza kuzidi kodi yote ya majengo.

Mkishanunua, tunzeni tarehe. Mkiona thamani imezidi, ombi la kupunguziwa hupelekwa kwa mthamini ndani ya siku 185 tangu siku kodi ilipoidhinishwa rasmi. Tarehe hiyo uliza ofisini, haihesabiwi kuanzia siku bili ilipokufikia. Malalamiko kwamba kodi ni kubwa hayana nguvu. Kinachosikilizwa ni ushahidi kwamba thamani si sahihi: kadi yenye kosa, au nyumba tatu nne zinazofanana na yako zilizoandikiwa chini. Asipojibu ndani ya siku 60, hesabu kwamba amekataa, na una siku 60 nyingine za kukata rufaa, ama kwenye bodi ya mji au kwa makamishna wa kaunti kama mji hauna bodi. Endeleeni kulipa wakati mnasubiri. Kodi isiyolipwa huandikishwa kama dai kwa msajili wa hati, na miezi 18 baadaye, deni likiwa bado lipo, nyumba huwa ya mji bila hakimu kuhusika. Onyo huja kwa posta kati ya siku 30 na 45 kabla, kwa Kiingereza, kwa hiyo bahasha yoyote kutoka ofisi ya mji ifunguliwe siku hiyohiyo.

Jambo moja zaidi, la sasa hivi mkiwa bado mnapanga. Maine ina nafuu ya kodi ya majengo inayopitia kwenye taarifa ya kodi ya mapato ya jimbo, kwa wenye kipato cha kawaida, na wapangaji nao wamo, maana sehemu ya pesa ya kupanga huhesabiwa kama kodi ya majengo. Hurudishwa hata kama hamdaiwi kodi yoyote, lakini lazima mjaze taarifa ya jimbo pamoja na jedwali lake la PTFC (Property Tax Fairness Credit, ndiyo nafuu yenyewe). Anayewajazia kodi mwulizeni kama alilijaza mwaka jana. Kama aliliruka, mwambieni arekebishe taarifa hiyo, maana pesa hiyo ingeweza kuingia kwenye gharama za kufunga ununuzi.

Wiki hii pigeni simu tatu, Lewiston, Sabattus na Poland, na kila ofisi iulizwe yaleyale: kiwango cha sasa, ratio, mwaka wa uthamini mpya ujao, na kadi ya nyumba mnayoitaka.